Huduma ya Probesheni kwa Kijana Anayetoka Borstal au Jela: Inafaa Wapi, Inakwama Wapi

Karibu kila mahakama nchini Kenya ina ofisi ya probesheni, yaani ya uangalizi wa wakosaji walio nje ya gereza, jirani yake. Mara nyingi ni chumba kimoja au viwili ndani ya ua uleule wa mahakama, na nje pana benchi la kusubiria. Wazazi hupita hapo mbio wakienda kusikiliza kesi, na wengi hawajui kwamba mtoto akishapelekwa ndani, ofisi hiyo ndiyo yenye jukumu la kumtengenezea njia ya kurudi nyumbani. Tunaitathmini hapa Idara ya Probesheni na Uangalizi wa Baada ya Kifungo kwa kipimo kimoja: inamfaaje kijana wa miaka 15 hadi ishirini na kitu anayerudi mtaani?

Maoni yetu tunayaweka mapema. Ni huduma nzuri, na kwa kijana wa borstal, yaani taasisi ya kurekebishia vijana, hakuna nyingine ya serikali inayoifikia. Hailipishwi, anayedai chochote ili aandike ripoti au apige muhuri anatenda kosa. Lakini matunda yake huyaona familia iliyoifuata mapema, kijana akiwa bado ndani. Anayebisha hodi wiki mbili baada ya lango kufunguliwa hukuta mambo mengi yameshapita. Na wapo vijana ambao huduma hii haiwafikii kabisa, ingawa shida zao ni zilezile.

Kwanza ujue kijana wako yuko kundi gani, maana haki zao hazilingani.

Wa borstal ndiye mwenye ngao kubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Taasisi za Borstal, Sura ya 92, mahakama inaweza kumpeleka aliyefikisha miaka 15 na hajafika 18 akakae miaka 3. Wavulana huenda Shimo la Tewa kule Mombasa au Shikusa kule Kakamega, wasichana Kamae, jirani na Kamiti. Sheria inaruhusu aachiliwe kwa leseni kabla miaka 3 haijaisha, akae nyumbani chini ya jicho la afisa wa probesheni, na akivunja masharti anaweza kurudishwa. Kwa hiyo ana faili, ana afisa, na ripoti ya nyumbani kwao ni lazima iandikwe.

Kijana wa kituo cha mafunzo ya vijana cha Kamiti, kile ambacho wengi hukiita YCTC, hukaa miezi 4 tu. Ni muda mfupi mno kwa matayarisho. Afisa akichelewa mwezi mmoja kufika kwao, robo ya muda imekwisha. Hapa mzazi asisubiri kuitwa. Aende ofisini wiki ileile ya hukumu.

Aliyefikisha miaka 18 na kufungwa jela ya kawaida hana ulinzi huo. Uangalizi wa lazima humhusu akipata msamaha wa Rais kupitia kamati ya huruma, au Mahakama Kuu ikipitia upya adhabu yake na kugeuza kilichobaki kiwe probesheni au kazi ya jamii. Wengine hutoka tu. Familia ielewe pia hesabu ya siku: kwa makosa mengi, mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja husamehewa theluthi moja kwa mwenendo mzuri. Miezi 18 huwa 12. Tumeona nyumba zikijiandaa kumpokea mtoto Desemba, naye akagonga mlango Juni, kitanda chake kimeshapewa mpangaji. Afisa wa probesheni anaweza kumsaidia kijana huyu akienda mwenyewe kuomba, na wengi husaidia kwa moyo, lakini halazimiki kama anavyolazimika kwa wa borstal.

Wa mwisho ni wa rumande. Kijana anaweza kukaa mahabusu mwaka mzima kwa kukosa dhamana, kisha kesi ikafutwa. Hana hukumu, kwa hiyo hana faili ya uangalizi wala afisa. Ametoka na kovu lilelile: shule imempita, kazi imekwenda, mtaa umeshamhukumu. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika huduma hii, na tutalirudia huko chini.

Ripoti ya nyumbani: hapa ndipo mambo hujengwa au huvunjika

Kabla ya kijana wa borstal kuachiliwa, afisa wa probesheni wa eneo lake huenda kwao. Ukiuliza tungeweka wapi nguvu zote kama tungekuwa na siku moja tu, ni hapa. Afisa hatazami usafi wa nyumba. Anatafuta majibu ya maswali machache: Atalala wapi, na nani yuko chumba hicho? Nani mtu mzima atakayejua akichelewa kurudi usiku? Waliomtia kwenye lile kosa bado wako mtaani? Aliyekosewa anaishi wapi, na anasemaje? Ataamka asubuhi aende wapi? Huzungumza na mzazi, ndugu, majirani, naibu wa chifu au mzee wa kijiji, na pale inapofaa na aliyekosewa au familia yake.

Ripoti hizi huharibika kwa njia zinazojirudia. Ya kwanza ni familia kupaka rangi. Mama anasema baba wa kambo amekubali kijana arudi, kumbe hajaulizwa. Ripoti inaandikwa vizuri, kijana anafika, na usiku wa tatu anafukuzwa. Sasa anwani iliyo kwenye leseni si anakoishi tena, na kwa karatasi huyo amevunja masharti. Kama nyumbani hapafai, semeni hapafai, kisha mtaje mahali pengine: kwa shangazi Bungoma, kwa nyanya Kilifi, kwa kaka aliyeoa. Afisa anaweza kuomba mwenzake wa huko aende kupaona, na hilo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo sababu tunasisitiza kuanza mapema.

Ya pili ni namba za simu. Inaonekana ni jambo dogo, lakini ripoti nyingi hukwama kwa sababu namba iliyo kwenye faili ya mahakama ilikuwa ya jirani, au laini imepotea. Mpeni afisa namba 3 za watu 3 wasioishi nyumba moja, na mmoja wao awe na laini aliyoitumia miaka mingi.

Ya tatu ni majina. Kijana alipokamatwa aliandikwa kituoni kwa jina alilotaja kwa hofu: Brayo badala ya Brian, jina la babu badala ya la baba, au herufi moja imeruka. Jina hilo likaingia kwenye hati ya mashtaka, likaenda naye borstal, na mwishowe likachapwa kwenye cheti chake cha ufundi. Miaka 2 baadaye anabeba cheti kisichofanana na kitambulisho, na hakuna mwajiri atakayekaa naye kutafuta ukweli. Afisa anapokuja kwa ripoti ya nyumbani, mwonyesheni cheti cha kuzaliwa na mlinganishe herufi kwa herufi na jina lililo kwenye faili yake. Likikosewa, lirekebishwe kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa ufundi. Baada ya hapo inabidi hati ya kiapo na safari nyingi.

Kuhusu aliyekosewa, tuna neno la kuwaonya wazee wetu. Kwa wizi mdogo, ugomvi au uharibifu wa mali, mazungumzo yanayosimamiwa na afisa, chifu akiwapo, husaidia sana. Fidia hata ya kidogo kidogo hutuliza mtaa kuliko barua yoyote. Lakini kwa makosa ya ubakaji na unajisi, msiende wenyewe na mbuzi au bahasha. Mnaweza kumwumiza upya aliyeathirika na kujiingiza kwenye kosa jingine la kuingilia shahidi. Hapo afisa ndiye anayepima kama kijana anafaa kurudi kijiji kilekile, na mara nyingi jibu la busara ni hapana, angalau kwa miaka ya kwanza.

Ubora wa afisa mmoja mmoja unatofautiana, na hatutaficha hilo. Aliye bora huja bila gari la serikali, huketi, huuliza maswali ya kuudhi, kisha hurudi mara ya pili. Aliyeelemewa huandika kwa simu. Kama ripoti ya mtoto wako imeandikwa kwa simu tu, omba kwa heshima aje; sema wazi kwamba kuna jambo la kuona kwa macho. Mara nyingi kinachomzuia ni nauli na wingi wa mafaili. Ofisi hiyohiyo huandika ripoti za dhamana, ripoti za kabla ya hukumu, ripoti za Mahakama Kuu na za kamati ya huruma, na husimamia wanaotumikia probesheni ya miezi 6 hadi miaka 3 pamoja na wale wa kazi za jamii. Kijana wako ni faili moja kwenye rundo.

Siku ya kutoka na wiki zinazofuata

Kabla hajavuka lango, haya yawe mkononi mwake: karatasi ya kuachiliwa yenye muhuri, leseni ikiwa ni wa borstal, vitu na pesa alizoingia nazo zikiwa zimehesabiwa mbele yake, vyeti vyovyote vya masomo au ufundi, na barua ya zahanati kama anatumia dawa. Hili la mwisho husahauliwa kuliko yote. Matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi 6 kwa kawaida. Akitoka katika mwezi wa nne wa matibabu bila barua ya kuhamishwa, kituo cha afya cha mtaani kitaanza kuuliza upya, naye ataacha. Vivyo hivyo kwa dawa za ARV, za kifafa na za akili. Aombe barua inayotaja dawa, kipimo na tarehe ya mwisho aliyomeza, na apewe dawa za njiani.

Nauli iulizwe mapema. Mvulana wa Mandera aliyekuwa Shimo la Tewa anasafiri karibu nchi nzima, na akishuka Nairobi usiku bila mtu wa kumpokea, anakutana na wenyeji wa stendi kabla ya mwenyeji wa kwao. Mtu mzima amfuate langoni ikiwezekana kwa vyovyote. Kama haiwezekani, afisa wa ustawi wa taasisi apigiwe siku chache kabla ili wakubaliane basi gani, saa ngapi, na nani atasimama mwisho wa safari.

Kuripoti kwa afisa kufanyike siku zilezile za kwanza. Aende na mzazi mara ya kwanza, kisha baadaye aende peke yake, kwa sababu mbele ya mzazi kuna mambo hatasema. Kwa upande huu huduma inastahili sifa. Kijana anayejua kwamba Jumatatu ya pili ya kila mwezi kuna mtu atamuuliza habari za kazi, za wenzake, za nyumbani, ana kitu cha kujishikiza. Kinachoharibu ni nauli ya kwenda kuripoti. Anaporuka mara moja kwa kukosa pesa ya matatu, huona aibu kwenda mara ya pili, na ya tatu huanza kujificha. Apige simu kabla ya siku, asisubiri baada. Maafisa wengi hukubali mikutano kwa naibu wa chifu au kwa mzee aliyeteuliwa.

Mzee huyo ana jina rasmi: afisa wa probesheni wa kujitolea. Mpango huu ulijengwa kwa kuiga Japani, ambako raia wa kawaida husaidia kuwaangalia waliotoka gerezani, na ushirikiano wa Kijapani uliusaidia kukua Kenya. Huyu ni mtu wa eneo lenu: mwalimu mstaafu, mama wa kanisa, imamu. Halipwi mshahara. Pale alipo na anapojua kazi yake, ndiye huduma yenyewe, maana anaishi hatua chache kutoka kwa kijana na humwona jioni. Hakikisheni tu kwamba si jamaa wa aliyekosewa wala si mpiga porojo wa kijiji. Mkiwa na shaka, mwambieni afisa faragha. Ana uwezo wa kumbadilisha.

Sasa makaratasi. Wengi huingia borstal wakiwa watoto na kutoka wakiwa na miaka 18 au zaidi bila kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna M-Pesa, hakuna bima ya afya ya SHA kwa *147#, na msako wa polisi ukipita mtaani yeye ndiye wa kwanza kupandishwa gari. Mpangilio unaookoa muda ni huu: cheti cha kuzaliwa kwanza (kama kuzaliwa kwake hakukusajiliwa ndani ya miezi 6, ni usajili wa kuchelewa, na unahitaji ushahidi kama kadi ya kliniki au barua ya shule), kisha nakala za vitambulisho vya wazazi, kisha naibu wa chifu, kisha alama za vidole. Kwa familia za kaunti za mpakani, ule usaili wa ziada uliokuwa ukiwachosha watu Rais alitangaza kuufuta Februari 2025, kwa hiyo akiambiwa arudi na wazee wa kamati ya usaili, aulize kwa nini. Wakati anasubiri, aombe barua ya afisa wa probesheni inayotaja jina, eneo na namba ya simu ya ofisi. Si kitambulisho, lakini askari akiisoma na kupiga namba ile, usiku huo huisha vizuri zaidi.

Laini ya simu isajiliwe kwa jina lake siku ileile kitambulisho kinapotoka, hata kama hana haraka nayo. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa *254#, huanzia shilingi 500 na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mfumo unataka laini na akaunti ya simu iwe na angalau siku 90. Anayetumia laini ya mama kwa miezi 6 anajichelewesha bure. Na tuseme wazi: mkopo huo ni wa kuongezea mtaji wa biashara inayotembea tayari. Usimpe kijana aliyetoka juzi deni la wiki 2 kama chakula cha kuanzia.

Cheti cha maadili mema cha polisi ndicho kinachowavunja moyo wengi. Huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chini ya huduma za DCI (idara ya upelelezi wa jinai), hugharimu shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 na ankara, kisha unakwenda na kitambulisho halisi na nakala kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu. Kampuni za ulinzi hukidai kwa sheria. Madereva na makondakta wa matatu hukihitaji kwa beji. Hukumu iliyomo kwenye kumbukumbu itatokea. Hakuna ujanja wa kuifuta kwa pesa, na wanaouza huduma hiyo mitandaoni ni matapeli.

Kuna tatizo ambalo linaweza kutatuliwa, nalo huwapata hasa wale wa rumande. Alama za vidole zilichukuliwa alipokamatwa, lakini matokeo ya kesi hayakurudishwa kwenye kumbukumbu. Kesi iliyofutwa inaonekana bado iko wazi. Dawa yake ni nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na masijala ya mahakama, ipelekwe DCI ofisi ya kumbukumbu za uhalifu ili irekebishwe, kabla hajalipa tena shilingi 1,050. Na aliyeshughulikiwa akiwa mtoto asijaze haraka swali la fomu ya kazi linalouliza kama aliwahi kutiwa hatiani. Sheria ya Watoto hairuhusu lugha ya kutiwa hatiani itumike kwa mtoto. Amuulize kwanza afisa wake, au wakili wa huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, ambayo ni bure.

Ufundi na vifaa

Borstal na magereza hufundisha useremala, ushonaji, uashi, ufundi bomba, kunyoa, uchomeleaji na kilimo, na mafunzo hayo huwa ya kweli pale mwalimu na vifaa vipo. Kinachopima thamani yake nje ni mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani: daraja la III ndilo la kuanzia, kisha II, kisha I. Kijana aliyekaa karakana miaka 2 na kutoka bila daraja la III ameibiwa, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini hakusajiliwa. Akitoka katikati ya mafunzo, chuo cha ufundi cha kaunti, ambacho wengi bado wanakiita polytekniki, kinaweza kumpokea amalizie, na ofisi ya probesheni huwa na fungu dogo la karo kwa baadhi yao. Fungu hilo huisha haraka katika mwaka wa fedha. Serikali huanza mwaka wake Julai. Anayeomba Agosti ana nafasi kuliko anayeomba Machi.

Idara pia hutoa vifaa vya kuanzia kazi. Hapa tuna sifa na lawama kwa pamoja. Sifa ni kwamba cherehani au kisanduku cha fundi humpa kijana heshima nyumbani siku ileile. Lawama ni kwamba vifaa hutolewa mara nyingi bila kuuliza vitakaa wapi. Mashine ya kuchomelea chuma inavuta umeme mwingi. Nyumba ya kupanga yenye mita moja ya tokeni kwa vyumba kumi haiwezi kuibeba, na mwenye nyumba ataikataza siku ya kwanza. Mashine za kinyozi zinataka kibanda, kioo, kiti, umeme na leseni ya kaunti. Kisichokuwa na mahali pa kufanyia kazi huuzwa kabla ya mwezi kuisha, na wa kulaumiwa si kijana peke yake.

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ndiyo kifaa tunachokipendekeza kuliko vyote kwa anayeanza. Haihitaji umeme, inakaa ukumbini kwa mama, na kazi ya viraka na sare za shule haikatiki. Lakini mashine tupu haitoshi. Orodha iwe na mkasi mkubwa wa kitambaa na mdogo wa uzi, futi ya kupimia, chaki, sindano za akiba za saizi mbili, bobini kama 10 na kisanduku chake cha akiba, mkanda wa ziada, mafuta ya mashine, nyuzi nyeusi, nyeupe, bluu na khaki, na pasi ya makaa. Mkanda ukikatika na hana mwingine, kazi inalala, mteja anaondoka na kitambaa chake. Kwa fundi bomba na mwashi tungependelea vifaa vidogo vya mkononi vinavyoingia kwenye begi, na aanze chini ya fundi mkuu mwenye kazi, kwa kibarua cha siku. Afisa aombwe azungumze na fundi huyo mapema. Fundi aliyeambiwa ukweli tangu mwanzo humvumilia. Aliyefichwa na kuja kusikia kwenye mjengo humfukuza.

Anayetaka bodaboda, na ni wengi, aelezwe gharama zote: leseni ya udereva ya daraja la A3, bima, na kukubaliwa na chama cha stendi. Pikipiki ya mkopo kwa kijana aliyefungwa kwa wizi wa kimabavu, kwenye stendi ileile ya wenzake wa zamani, ni hatari ambayo afisa mzuri ataikataa. Tunamuunga mkono.

Kwa walio chini ya miaka 18, shule ije kabla ya kazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto haki hiyo, na mwalimu mkuu hawezi kumkataa kwa sababu tu alikuwa borstal. Shule ya mbali kidogo na kwao mara nyingi ni bora, na darasani asitajwe. Anayepaswa kujua ni mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri, basi.

Hosteli za probesheni tunazipa neno fupi. Zipo chache: za wavulana kama Shanzu kule Mombasa, Kimumu kule Eldoret na Siaya, na za wasichana Nakuru na Nairobi. Humpokea kijana aliye kwenye probesheni ambaye nyumbani hapakaliki, akasoma au kujifunza ufundi bila malipo. Ni nzuri, ni chache, na aliyetoka jela ya kawaida hana mlango wa moja kwa moja huko.

Pengo la rumande na la jela za watu wazima huzibwa kwa sehemu na mashirika. Crime Si Poa, lililoanzishwa na Pete Ouko aliyewahi kukaa kwenye safu ya waliohukumiwa kifo, hufanya kazi na vijana. Clean Start, la Teresa Njoroge aliyefungwa Lang'ata akiwa na mtoto mchanga, huwasaidia hasa wanawake na wasichana. Wanaoyaendesha wanayajua maisha ya ndani, na hilo kijana hulihisi dakika ya kwanza. Hata hivyo hayapo kila kaunti. Mahali yasipokuwapo, tungetaka idara ifungue daftari la hiari: yeyote aliyekaa rumande zaidi ya miezi 6 na kuachiliwa apate kikao kimoja na afisa, barua moja, na msaada wa kusafisha kumbukumbu zake DCI. Halihitaji hosteli wala cherehani. Linahitaji agizo na afisa mmoja zaidi kwa kila ofisi.

Jambo la mwisho ni uhamisho. Maafisa wa probesheni huhamishwa kama walimu, na kijana aliyemzoea mmoja hujikuta mbele ya mgeni asiyemjua. Tangu siku ya kwanza, andikeni namba ya faili, jina la ofisi na tarehe ya kila kikao kwenye daftari la nyumbani. Mkisikia uhamisho, ombeni kikao kimoja ambacho afisa anayeondoka na anayeingia wote wapo. Ikishindikana, mzazi aende na lile daftari wiki ya kwanza ya afisa mpya, kabla faili haijashuka chini ya rundo.